Msafara wa Kuwapa Pole Majirani

Nataka kusema mapema kabisa, ili tusije tukakorofishana huko mbele: nchi yetu haina shida yoyote. Tuna upungufu, ndiyo, lakini kila upungufu tulio nao sisi, majirani wanao mkubwa zaidi. Jambo hilo limethibitishwa na serikali yetu, ambayo haina sababu yoyote ya kusema uongo juu ya serikali nyingine.

Tunaye waziri maalumu kwa kazi hiyo. Nchi nyingine zina wizara ya afya, ya maji, ya elimu, na kila wizara inahangaika kivyake. Sisi tulizivunja zote tukaunda moja tu, Wizara ya Afadhali, na tangu hapo mambo yamekuwa mepesi. Maji yakikatika, wizara haitumi fundi. Inatuma gari la matangazo lenye spika juu, linapita mitaani kutueleza kwamba ng'ambo maji yalikatika zamani na hakuna anayekumbuka rangi yake. Mtu aliyekuwa na kiu anajikuta anawaonea huruma wengine, na huruma, kama mjuavyo, inalainisha koo. Shuleni watoto hawaulizwi tena moja na moja ni ngapi. Wanaulizwa ni ngapi kwa jirani, na jibu lolote lililo dogo kuliko la kwetu ni sahihi.

Hata salamu ilibadilishwa. Ukikutana na mtu unamwuliza, "Afadhali?" naye anakujibu, "Afadhali sisi." Kisha kila mmoja anaendelea na njaa yake kwa moyo mkunjufu.

Mimi ni Mtazamaji wa Wilaya ya Kingoni. Wilaya yetu iko ukingoni mwa nchi. Mto unatutenga na majirani, na juu ya mto kuna daraja lenye kizuizi cha chuma upande wetu. Upande wao hakuna kizuizi, maskini ya Mungu, hata chuma hawana. Karibu na daraja serikali ilinijengea mnara ikanipa darubini, na kazi yangu ni kupanda kila asubuhi, kuwatazama majirani, halafu kupiga simu wizarani kueleza jinsi wanavyoteseka.

Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye roho nyepesi kama mimi. Taa za watu wale huwaka mpaka kunapambazuka. Ni wazi hakuna aliyewafundisha kuzima. Mabomba yao yanamwaga maji saa zote, hawana raha ya kusubiri. Treni yao hupita asubuhi imejaa watu wanaokimbia nyumba zao, na jioni hupita tena imewarudisha kwa kukosa pa kwenda. Hospitali yao iko mara tu unaposhuka daraja, jengo jeupe lenye madirisha mengi, na haina foleni. Ya kwetu watu wanaipenda kiasi cha kulala mlangoni. Mara nyingine nikiyatazama yote hayo machozi hunitoka. Niliwahi kuuliza wizarani ni machozi ya nini, wakanijibu ni ya huruma, na nikashukuru kuelezwa.

* * *

Mlango wa pili kutoka kwangu alikaa rafiki yangu Bwana Ngwali, fundi baiskeli. Alikuwa mwembamba kama spoki, si mtu wa maneno mengi, na kila jioni tulicheza drafti nje ya kibanda chake huku mkewe, Bi Sikuzani, akishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Bwana Ngwali alinifunga karibu kila mara. Akinifunga hacheki, anapanga kete upya na kuniuliza kama nataka chai, na chai yenyewe hakuna.

Mwaka ninaousimulia Bwana Ngwali alianza kunenepa. Ilianza miguuni. Viatu vilimkataa, akahamia kandambili, na kandambili nazo zikamkataa. Kisha uso ukajaa, macho yakabaki mistari miwili. Mtaa mzima ulifurahi. Kwetu mtu mnene haonekani ovyo, na watu walianza kupita kibandani kwake bila baiskeli, wamgusie tu bega kutafuta bahati. Wengine walitaka kujua ni ndugu yake yupi aliyepata kazi wizarani. Bwana Ngwali aliwajibu kwamba hali chochote na bado ananenepa, wakampongeza zaidi, maana huo ndio ustawi ambao serikali ilikuwa ikiuahidi tangu uhuru.

Ni Bi Sikuzani peke yake aliyekosa furaha. Usiku, alisema, mumewe hapati pumzi akilala chali. Akampeleka hospitali, wakakaa kwenye foleni mpaka wakapata marafiki wapya, mpaka baadhi ya marafiki hao wakafariki, na mwishowe wakamwona daktari.

Daktari alifunga mlango kwanza. Akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ule si unene, ni maji. Figo zimegoma, na bila mashine ya kusafisha damu mtu huyu hatafika mbali. Bi Sikuzani akauliza mashine iko wapi. Daktari akawapeleka kwa heshima kwenye chumba cha mapokezi cha Mkurugenzi, na pale kweli ilikuwapo, kubwa, inang'aa, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. Haijawahi kuwashwa. Mashine ya majirani, daktari alieleza, inatumika kila siku na imechakaa vibaya. Ya kwetu bado mpya, na ndiyo iliyotupatia ushindi katika ripoti ya mwaka. Kisha akamwandikia Bwana Ngwali dawa iliyopo: atazame ng'ambo asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Kama hakuna chakula, atazame tu.

Kesho yake Bi Sikuzani alipanda mnarani kwangu. Raia haruhusiwi kushika darubini, kwa sababu jicho lisilo na mafunzo huona vitu kama vilivyo, na hilo limewahi kuleta fujo. Lakini ni shemeji yangu, na alikuwa amepanda ngazi zote zile. Nikamgeuzia kisogo kidogo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema, "wale wanaoingizwa kwenye jengo jeupe wamebebwa kwenye machela. Mbona wanatoka wakitembea?"

Nikamfafanulia kitaalamu kwamba majirani hawana nguvukazi ya kuwabeba wagonjwa wakati wa kutoka. Alinirudishia darubini akafuta kioo kwa ncha ya kanga, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kuomba ruhusa ya kumvusha mumewe. Pale ndipo alipokutana na Sheria ya Kuzuia Kushuka, ambayo ni moja ya sheria zetu zenye huruma kuliko zote. Inasema kwamba mtu anayetoka mahali pazuri kwenda mahali pabaya kwa hiari yake ama ni mwendawazimu, ama anataka kujiua, na wote wawili ni wajibu wa serikali kuwazuia. Mgonjwa ndiye hasa wa kuzuiwa. Kumtoa mgonjwa kwenye hospitali nzuri kumpeleka kwenye hospitali mbaya ni kujaribu kuua, na anayeshtakiwa ni yule aliyemsindikiza. Ofisa alimshauri Bi Sikuzani arudi nyumbani kabla hajajiingiza matatani, akamwambia "Afadhali sisi," na Bi Sikuzani akaitikia, kwa sababu asiyeitikia anaandikiwa faini.

* * *

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Rambirambi.

Sisi ni watu wa adabu. Jirani akifiwa, hukai kwako ukamsikiliza analia. Unabeba ulichonacho unakwenda kumpa pole. Na kwa kuwa majirani zetu wana msiba usiokwisha, yaani maisha yao, wizara huandaa kila mwaka msafara wa kuvuka daraja kuwapa pole. Kila nyumba inachanga unga. Wasio na unga wanakopeshwa unga na wizara, kisha wizara inauchukua. Mwaka wa kwanza majirani walipopokea yale magunia walituuliza ni nani aliyefariki. Mheshimiwa Waziri akawajibu, kwa upole mkubwa, "Nyinyi, taratibu." Tangu hapo hawaulizi tena. Wanatupokea, wanatupa chai yenye maziwa, wanatushukuru, na mwaka mmoja msafara ulipoondoka niliwaona kwa darubini wakiwamwagia kuku unga ule. Nikapiga simu mara moja kuripoti kwamba njaa ya ng'ambo imefika kwa kuku.

Wanaokwenda na msafara si watu hivi hivi. Lazima wawe sampuli za ustawi, ili majirani wakiwaona wajijue walivyo. Wilayani kwetu hilo lilikuwa gumu siku zote. Tuliwahi kuwajaza wajumbe pamba mashavuni, na kazi ilikwenda vizuri mpaka mjumbe mmoja alipokohoa na shavu lake likaangukia kwenye chai ya wenyeji. Baada ya aibu ile wizara ikaagiza kwamba safari hii wanataka mashavu ya asili.

Bi Sikuzani alikuja kwangu kabla tangazo halijamaliza kusomwa. "Shemeji, mtaje," alisema. Nikalitaja jina la mumewe wizarani. Nilifurahi mno, maana rafiki yangu angepata heshima ambayo mafundi baiskeli hawaipati.

Waziri wa Afadhali alikuja mwenyewe kumkagua. Jina lake kamili ni Mheshimiwa Profesa Injinia Tengeneza Vuai, mtu mfupi mwenye suti ndefu. Alimzunguka Bwana Ngwali pale kibandani kati ya magurudumu, akamfinya shavu, akamfinya mkono, akarudi nyuma kidogo kumwangalia kwa mbali. Machozi yalimlengalenga.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa tulikuwa watu wachache na mbuzi, "kuna waliosema sera zetu hazionekani. Naomba waje waone. Sera hii hapa imekaa kwenye kigoda."

Bwana Ngwali hakuinuka, kwa sababu hakuweza. Mheshimiwa akapenda utulivu wake.

Kulikuwa na sharti moja dogo. Kila mjumbe anayevuka anamwacha kizuizini, kwenye chumba cha walinzi, mtu mmoja anayempenda. Mjumbe akirudi, anakabidhiwa mtu wake. Mjumbe akipotea huko ng'ambo, yule aliyeachwa anahamishiwa Nyumba ya Kusubiri, nyuma ya kambi ya walinzi, amsubiri huko. Nyumba ya Kusubiri inasifiwa sana. Hakuna aliyewahi kutoka humo akalalamika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka.

Siku moja kabla ya safari tulikuwa kwenye drafti kama kawaida. Bwana Ngwali aliuliza ni nani atakayeachwa. Mkewe, bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema ni yeye.

"Nitamwacha mbuzi," alisema Bwana Ngwali.

"Wanataka mtu unayempenda."

"Na mbuzi nampenda."

Bi Sikuzani akasimamisha cherehani. Alimwambia mambo mengi kwa pumzi moja: kwamba wakifika ng'ambo jengo jeupe liko mkono wa kulia, kwamba asimame pale asitikisike mpaka mtu wa hospitali amwone, kwamba unene wake ndio utakaomvusha na pengine ndio utakaomponya. Na kwamba akishavuka asirudi. "Mimi nitakaa huko watakakoniweka. Wewe upone," alisema. Mimi nilikuwa ninahesabu kete zangu, na mtu anayehesabu kete hasikii. Bwana Ngwali alisogeza kete yake, akanifunga, na safari hii hakuniuliza habari ya chai.

* * *

Msafara uliondoka asubuhi na ngoma. Bwana Ngwali alishonewa suti ya bluu, ila viatu vya ukubwa wa miguu yake havikupatikana nchi nzima. Wataalamu wa wizara walikaa kikao, wakaamua kumpaka miguu kiwi cheusi, wakaisugua mpaka ikang'aa, na wakamchorea kamba za viatu kwa chaki. Kwa mbali ilipendeza sana.

Niliongozana nao na darubini yangu shingoni, kwa sababu wajumbe hawaruhusiwi kuona kitu cha ng'ambo bila mtu wa kuwaeleza wanachokiona. Bi Sikuzani tulimwacha kwenye chumba cha walinzi, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha linalotazama darajani. Aliketi wima, mikono mapajani, na alipoombwa kutabasamu kwa ajili ya picha alitabasamu.

Darajani Bwana Ngwali alisimama mara nyingi kuvuta pumzi. Kila aliposimama Mheshimiwa aliwaambia waandishi kwamba anatembea kwa madaha. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimsikia kifuani, mlio kama wa pampu iliyotoboka, na nilikuwa nasema moyoni, twende ndugu yangu, twende, pamebaki kidogo, bila kujua kwa nini nasema hivyo wakati tunakwenda mahali pabaya.

Wenyeji walikuwa wamejipanga kutupokea. Katikati ya mstari wao alikuwapo binti aliyevaa koti jeupe, na alipofikiwa na Bwana Ngwali akampa mkono kama wengine. Ila hakuuachia. Alimtazama usoni, kisha akainama, akamkandamiza kidole gumba kwenye muundi wa mguu. Alipoinua kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama wote. Shimo lile halikuwa na haraka ya kufutika.

"Baba, unaumwa tangu lini?" aliuliza.

Mheshimiwa alicheka, na wajumbe, ambao wamefundishwa, wakacheka pia. Akamweleza binti yule kwamba anachokiona ni ustawi, na kwamba si kosa lake kutoutambua, maana hajawahi kuuona. Yule binti akasema anaitwa Daktari Tunu, hospitali ile pale ni yake na wenzake, kitanda kipo, mashine ipo na inafanya kazi. Alisema mzee huyu abaki leo hii, si kesho, na hakuna atakayemwuliza ametoka wapi. Alizungumza bila kupandisha sauti. Nilitamani angepandisha, ningepata la kuripoti.

Hapo Mheshimiwa Waziri alipanda juu ya gunia la unga. Nimesikia hotuba nyingi katika kazi yangu, na ile naiweka juu ya zote. Alisema tumekuja kwa wema kuwapa pole, nao kwa wivu wanataka kutupokonya sababu ya kuwapa. Alisema kuna nchi zinazoibia wenzao madini, nyingine zinaiba ng'ombe, lakini hajapata kusikia nchi inayoiba wanene. Mwishowe akatulia, akajifuta jasho, akasema nchi yetu haimlazimishi mtu. Mwananchi huyu ana akili zake. Aulizwe mwenyewe mbele ya mataifa mawili. Na akatoa ishara kwa mkono.

Ng'ambo, yaani upande wetu, walinzi wakafungua dirisha.

Kwa macho matupu ungeona doa la kanga tu. Mimi nilikuwa na darubini. Bi Sikuzani alikuwa amesimama, na mlinzi amemshika bega moja, na mkono wa shemeji yangu uliobaki huru ulikuwa ukipunga kwa nguvu, kutoka kifuani kwenda nje, kutoka kifuani kwenda nje, kama anavyofukuza mtu kuku kwenye mpunga. Bwana Ngwali alinigeukia. Nikajua anataka nimwambie anachoambiwa.

"Anapunga mkono," nilisema.

"Najua anachosema," alijibu.

Alisimama kidogo akilitazama jengo jeupe. Madirisha yake yalikuwa wazi, na katika dirisha moja mgonjwa fulani alikuwa amekaa kitandani anamenya chungwa. Kisha Bwana Ngwali akapokea kipaza sauti, akasema, "Afadhali sisi," akakirudisha. Ngoma zikalia. Daktari Tunu alimshika mkono wa koti, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisikia alichoambiwa.

"Mwanangu, pale dirishani ni mke wangu."

Binti yule aliachia koti. Aliweka mkono mdomoni, akabaki hivyo mpaka tulipofika katikati ya daraja.

Bi Sikuzani tulimkuta kizuizini amekwisha kuachiwa. Alimpiga mumewe kifuani kwa ngumi zote mbili. "Umerudi kufanya nini?" alimwuliza. "Ngwali, umerudi kufanya nini?"

"Nimekuja kukuchukua," alisema, na pumzi ikamwishia hapo.

Mheshimiwa alilia hadharani. Mpiga picha wa wizara alipiga picha nyingi za zile ngumi, na zilipochapwa chini yake pakaandikwa: Mapokezi ya Shangwe.

* * *

Picha ya Bwana Ngwali ilibandikwa kila mahali, kwenye mashina ya miti, kwenye milango ya maduka yasiyo na bidhaa, hata ubavuni mwa tangi la maji lisilo na maji: uso wake mkubwa, na maneno ALIYAONA YA NG'AMBO, AKARUDI. Wanafunzi waliletwa kwa zamu kumtazama. Walielezwa kwamba analala amekaa kwa sababu ni raia aliye macho muda wote. Yeye alizidi kujaa, na wizara ilizidi kufurahi, na daktari wa hospitali yetu alipita mara moja kumpunguzia dozi: atazame ng'ambo asubuhi tu, asije akazoea.

Tuliendelea na drafti kwa kadiri alivyoweza. Mwisho hakuweza kuinua kete, akawa ananionyesha kwa jicho nami namsogezea, na hivyo hivyo akanifunga. Jioni moja aliniuliza kama katika miaka yote ile niliyokaa mnarani sijawahi kutamani. Nikamjibu kwamba wizara hairuhusu. Alicheka, na kicheko kikawa kikohozi, na mkewe akaja akamwinua kichwa.

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, kichwa kikiwa mikononi mwa Bi Sikuzani. Nilihuzunika. Nilihuzunika kupita kiasi kinachokubalika kwa mtumishi wa umma, na siku hiyo sikupanda mnarani, nikapiga simu nikasema kuna ukungu.

Serikali ilichukua mazishi. Mbele ya nyumba lilifungwa turubai kubwa la wizara, vikaletwa viti vya plastiki na spika, na Mheshimiwa Waziri akaja na msafara wa magari uliofunika mtaa mzima kwa vumbi. Alikaa karibu na jeneza, akasoma hotuba yake polepole. "Ng'ambo," alisema, "mtu huyu angekufa. Hapa kwetu amepumzika." Makofi. Alisema marehemu alisimama mbele ya hospitali yao, akaitazama kwa macho yake mwenyewe, akaikataa. Makofi. Alisema hakuna mitambo wala madaktari watakaomshawishi mzalendo aliyeshiba. Tukapiga makofi mpaka turubai likatikisika.

Wakati huo Bi Sikuzani alikuwa ndani na wanawake. Alitoka amejitanda kanga nyeusi, akapita kati ya viti, akaomba kipaza sauti. Wasaidizi wa Mheshimiwa walimpa haraka, kwa kuwa ratiba ilikuwa na nafasi ya shukrani za familia. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, hatua chache kutoka aliposimama.

"Mume wangu hakuikataa hospitali," alisema. "Alitaka kupona. Alirudi kwa sababu mlinishika mimi. Mngeniachia, leo angekuwa hai."

Hakuna aliyepiga makofi. Niliona watu wakitazamana, kwanza wawili, kisha watatu, na mzee mmoja mstari wa nyuma akaanza kuinuka kwenye kiti, mdomo umefunguka kama anayetaka kusema neno. Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo sana sikuwa na huruma kwa majirani hata chembe.

Mheshimiwa Waziri aliinuka kwanza. Hakukasirika. Alikuwa anatabasamu, amefungua mikono kama mtu anayepokea zawadi.

"Mmesikia, wananchi?" alisema. "Amesema mwenyewe mjane, mimi sikumwambia. Alirudi kwa sababu tulimshika mkewe! Sasa niwaulize: ng'ambo kule, nani angemshika? Wake za watu kule wanaachwa tu, wanazagaa, hakuna mlinzi, hakuna dirisha, hakuna hata kiti. Mama huyu alikuwa na kiti! Nchi gani nyingine inawashika watu wake kwa namna hii?"

Makofi yalianzia nyuma. Yule mzee aliyekuwa akiinuka alimaliza kuinuka, akawa anapiga makofi amesimama, na wengine wakasimama naye. Bi Sikuzani alibaki pale pale na kipaza sauti ambacho tayari kilikuwa kimezimwa. Hakumtazama Mheshimiwa wala umati. Alikuwa ananitazama mimi, si usoni, mikononi. Nilikuwa napiga makofi. Sikuweza kuwa wa kwanza kuacha, na Mheshimiwa alichelewa sana kuketi.